Kijitabu cha visawe vya Kiingereza cha shilingi 7,000: mwaka mmoja nacho mapokezi

Nilikinunua Darajani mwezi wa Januari mwaka jana, katika duka la steshenari linalouza pia sare za skuli, ile wiki ambayo wazazi wote wa Unguja huwa pale wanasukumana. Nilikwenda kumtafutia mwanangu madaftari ya darasa la tano. Kijitabu kilikuwa kimening'inizwa kwa kibanio cha nguo juu ya kichwa cha muuzaji: jalada la buluu, kurasa 64, shilingi 7,000. Nikaomba anipunguzie. "Dada, hiki Kiingereza," akanijibu, "Kiingereza hakishuki bei." Nikacheka, na muuzaji akishakuchekesha umeshanunua.

Jina la kijitabu sitaliandika, wala la aliyekitunga, kwa sababu kuna pahala nitakisema vibaya na mwenyewe hayupo kujitetea. Mwenye kukijua atakijua kwa jalada.

Mimi niko mapokezi kwenye hoteli ndogo ya vyumba tisa huku Malindi, mwendo wa dakika tano kutoka bandarini kama huna mizigo, kumi na tano kama unayo, maana vichochoro vyetu havijui kunyooka. Kiingereza changu nimekiokota. Skuli nilisomeshwa cha mtihani; cha kusema nimefundishwa na wageni kwa miaka kumi na moja, kila mmoja na lafudhi ya kwao, mpaka siku nyengine nikijisikia nazungumza najiuliza huyu ni wa wapi. Bosi wetu siku moja alisoma barua pepe niliyomwandikia mgeni wa Uholanzi, akahesabu "get" sita ndani ya mistari minane. "Bibie," akasema, "hii barua ina 'get' kama urojo ulivyo na viazi." Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka kwenye mfuko wangu pale dukani, kwa sababu jalada la kijitabu linaahidi jambo hilohilo: kila neno la kawaida la Kiingereza lina wenzake wenye hadhi, na ukiyajua hutaonekana tena mtu wa mtaani.

Ukurasa wa 19 ndio wa "get". Umeandikwa hivi: neno lenyewe kwa herufi nene, alama ya usawa, kisha wenzake wanane kwa safu: obtain, acquire, receive, procure, become, arrive, fetch, understand. Basi. Hakuna sentensi hata moja. Mbele ya kila neno pana matamshi kwa herufi zetu, obtein, akwaya, risiivu, prokyua, na hapo nampa mtunzi haki yake. Kamusi za Kizungu hukuandikia matamshi kwa vidudu vilivyogeuzwa kichwa chini, na mtu kama mimi huvipita kama anavyopita kaburi la asiyemjua. Kwa kijitabu hiki nilitamka "acquire" sawasawa mara ya kwanza, na mgeni hakuuliza mara mbili.

Tabu haiko kwenye matamshi. Iko kwenye ile alama ya usawa.

Nilianza na tangazo la mlangoni. Wageni wanaokwenda Kizimkazi kuona pomboo huondoka alfajiri, na usiku wa kuamkia safari huwa nawabandikia karatasi mlangoni mwao. Ya zamani ilisema: "Please get up at 5, get dressed and get some tea downstairs." Miaka yote watu waliamka, wakavaa, wakashuka, wakanywa chai. Nikakaa na kijitabu nikaisafisha: "Kindly arise at 5, obtain dressed and procure some tea downstairs." Nikaibandika, nikarudi kwenye kiti cha zamu ya usiku najiona mtu.

Saa kumi na moja na nusu wakashuka mabibi wawili wa Ireland, watu wa umri wa kuamkiwa shikamoo. Mmoja akainama kwenye kaunta akaninong'oneza kwamba nguo wamefanikiwa kuzipata, lakini hiyo chai ya "procure" je, kuna mtu wa kumwona kule nyuma ya bandari? Mwenzake alikuwa ameshaipiga picha karatasi yangu.

Nilicheka nao kwa adabu tu, kichekesho chenyewe sikukifahamu mpaka walipokwishaondoka. "Procure" ni neno la afisa manunuzi. Wizara inafanya "procure" ya magari, hospitali inafanya "procure" ya dawa, pana zabuni, pana mihuri. Na likitoka ofisini likaingia mtaani hubeba harufu ya kitu kilichopatikana kwa mlango wa nyuma. Chai ya tangawizi ya mpishi wetu haistahiki hata moja kati ya hayo. Ama "obtain dressed", hiyo si Kiingereza cha heshima wala cha mtaani. Si Kiingereza. Katika "get dressed" hakuna kitu kinachopatikana. Mtu anatoka tu katika hali moja anaingia nyengine, alikuwa hajavaa sasa amevaa. "Obtain" haiwezi kazi hiyo. Inataka kitu cha kushikika, au angalau cha kutolewa na mtu: ruhusa, cheti, nakala.

Kosa la pili lilinitisha zaidi kwa sababu nililifanya kwa kurudi kinyumenyume. Kama "get" ni sawa na "become", nikawaza, basi na "become" ni sawa na "get". Ndiyo maana ya alama ya usawa, hata mwanangu analijua hilo. Tulikuwa na mgeni muuguzi kutoka Kanada, mtu wa mazungumzo, akaniuliza habari za mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa chini ya ngazi anakula mandazi. Nikasema kwa raha zangu: "My son wants to get a doctor." Nilikusudia kusema kwamba akikua anataka kuwa daktari.

Yule mama akasimama. Zipu ya mkoba ilishafunguka kabla sijamaliza kutabasamu. Yuko wapi, ana nini, ameanza lini? Nikamnyooshea kidole mwanangu, nikidhani anataka kumpongeza. Akamshika paji la uso, akamwambia afungue mdomo, na mtoto, mtiifu kuliko siku zote, akaufungua na mandazi yakiwa bado ndani.

Hili nimelichunguza baadaye kwa kuwasikiliza wageni, na nalieleza hapa kwa sababu kijitabu hakilielezi. "Get" hufanya kazi ya "become" ikifuatwa na sifa: get tired, get wet, get lost, get better. Ikifuatwa na mtu au kitu, inarudi kwenye kazi yake ya kuleta na kupata, na "get a doctor" inakuwa "kamwite daktari", tena mbio. "Become" ndiyo inayokubali mtu nyuma yake: become a doctor, become a grandmother. Na hata pale ambapo maneno yote mawili yanakubalika, hayana uzito mmoja. Ukimwambia mgeni aliyenyeshewa "you have become wet" hutakamatwa, ila unakuwa kama unasoma taarifa ya habari juu ya nguo zake.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Kufika na kuwasili, ukiuliza utaambiwa ni kitu kimoja. Boti ya Dar inawasili, kipaza sauti kinasema imewasili, Rais anawasili. Lakini mimi nikitoka kazini, nikafika Mikunguni, nikampigia mama yangu nikamwambia "Mama, nimewasili," ataniuliza nimefuatana na nani.

Kwenye rafu ya vitabu wanavyoviacha wageni tuna kamusi nene ya Kiingereza kwa Kiingereza. Mgongo umevunjika, tunaifunga kwa mpira wa mchicha. Nilikuwa naitumia kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Baada ya kadhia ya daktari nikaitoa mlangoni, nikaenda kwenye "get", nikakuta limekula zaidi ya ukurasa mzima, maandishi madogo kama sisimizi, na kila maana imewekewa sentensi yake. Mwisho wa maelezo pameandikwa asili ya neno, na hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nakitafuta bila kujua nakitafuta.

"Get" limeingia Uingereza na watu wa Skandinavia, wale mabaharia waliokuja kuvamia na mwisho wakalowea upande wa kaskazini na mashariki wa nchi ile, kuanzia karne ya 9. Kwao lilikuwa "geta". Wenzake wenye hadhi, obtain, acquire, receive, procure, mizizi yao ni ya Kilatini na njia waliyopitia ni ya Kifaransa. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, wakawa wao ndio wenye mahakama, wenye kodi na wenye hati, na lugha yao ikakaa huko juu kwa muda mrefu. Kwa hiyo huyu mmoja ni neno la jikoni na la kuvuta nyavu, wale wengine ni maneno ya karani. Miaka karibu elfu imepita, na bado Mwingereza akishika kijiko anasema "get", akishika kalamu anasema "obtain".

Kwetu pia "wasili" limetoka Kiarabu na "fika" ni letu la Kibantu, ingawa mtu asije akadhani kila la Kiarabu ni la ofisini. Sahani na samaki ni Kiarabu, na hakuna cha jikoni kuliko hivyo. Ila neno likija nchini limeshikwa mkono na karani, huwa gumu kumwacha karani.

Katika kamusi hiyohiyo niliona kwamba "forget" ndani yake mna ndugu ya "get", yule wa Kiingereza cha kale kabisa, na maana yake ya asili ni kupoteza ulichokuwa umekishika. Nililisoma hilo saa nane ya usiku, peke yangu, feni inalia, na nikamwamsha mlinzi kumwambia. Hakufurahi.

Sasa nije kwenye kasoro kubwa kuliko zote, ambayo kwayo nakipunguzia nyota bila huruma. Kijitabu hakina hata kimoja cha vile vijineno vinavyotembea nyuma ya "get". Na nusu ya "get" ninazozisikia kwa siku zina kijineno nyuma. Mgeni simu yake imegoma: "I can't get through." Mama wa chumba namba 4 alikuwa na homa, anaiacha taratibu: "I'm getting over it." Mzee mmoja kila ukimuuliza hali: "Getting by." Wapo mume na mke waliokuja wamelipia chumba kimoja, siku ya pili wakaomba viwili, mke akaniambia tu "We're not getting along," na kwa sauti ile ningefahamu hata kwa Kichina. Ukurasa wa 19 haumsaidii mtu katika lolote kati ya hayo. Weka "obtain" mahala pa "get" uone: obtain through, obtain over, obtain by.

Wala haukufundishi kwamba gari dogo mtu hufanya "get in" na basi hufanya "get on". Kijana wetu wa mizigo, ambaye hajawahi kufungua kitabu chochote mbele yangu, hakosei. Teksi ikija anasema "Get in, get in, mama, mind your head." Daladala la 116 la Nungwi likipita anasema "get on", na ukiteremka ni "get off" kwa daladala na "get out" kwa teksi. Amejifunza kwa masikio. Nilimwonyesha kijitabu changu akakipindua, akasoma bei, akanirudishia.

Kwa "get out" nina la kwangu. Alikuja kijana wa Marekani, mcheshi, anapenda kuuliza ukoo. Nikamwambia bibi yangu wa Makunduchi ana wajukuu 41, na anajua jina la kila mmoja na siku aliyozaliwa, na hajawahi kuandika popote. Kijana akafumbua macho, akapiga kaunta kwa kiganja, akasema: "Get out of here!"

Nikachukua mtandio wangu na simu yangu, nikatoka.

Nilisimama kwenye baraza nje, nimeshika mlango, machozi yako karibu, najiuliza nimesema nini kibaya juu ya bibi yangu. Yule kijana akanifuata mwekundu kama embe bolibo, anaomba radhi kwa mikono miwili. Kumbe ni kama sisi tunavyosema "Wacha wee!", na anayeambiwa haachi kitu. Kijana wa mizigo alicheka siku tatu. Hadi leo nikichelewa kutoka zamu ananiambia "get out of here", na ni yeye tu ninayemruhusu.

Nikiwa katika kuhangaika na vijineno hivyo ndipo nilipolitazama neno letu "pata" kwa macho mapya. Waingereza wanaweka vijineno nyuma ya kitenzi, sisi kitenzi chetu tunakifuma mkia. Pata, patia, patana, patanisha, patikana, patwa. Wale mume na mke hawakuwa wanapatana. Mpishi wetu alijaribu kuwapatanisha kwa biriani, haikusaidia. Mtu akipatwa, ujue ni na baya. Hakuna aliyewahi kupatwa na furaha. Na bila mkia wowote, "pata" tayari ina mambo yake. "Kisu hiki hakipati," anasema mpishi, na hakuna kinachotafutwa, kisu ni kibutu. "Yapata saa kumi," na saa haikupata kitu. "Sijakupata vizuri," unasema kwenye simu, sawasawa na Mwingereza anayesema "I didn't get you", na wala hatukuibiana.

Hebu mchukue mgeni anayejifunza Kiswahili umpe orodha: pata ni sawa na pokea. Kisha umpe methali "Kupata si kwa werevu, na kukosa si ujinga," abadilishe neno la kwanza. "Kupokea si kwa werevu." Maneno yapo yote, methali imekufa. Kupokea ni kazi ya mikono, mtu amekuletea. Kupata ni riziki, na riziki ndiyo inayozungumzwa pale. Huyo mgeni ndiye mimi na ile chai ya "procure".

Basi nisikitupe chote. Kuna siku kijitabu kilirudisha shilingi zake. Mgeni wetu mmoja alipotelewa na begi, akahitaji barua kutoka hotelini kwa ajili ya kampuni yake ya bima huko kwao Uingereza. Nikakaa na ukurasa wa 19 upande mmoja na ile kamusi ya mlango wa stoo upande wa pili. Nikaandika kwamba tumepokea taarifa ya mgeni, "we received". Kwamba amepata ripoti ya polisi, "he obtained a loss report from the police". Kwamba kamera aliyoinunua hivi karibuni, "recently acquired", ilikuwemo ndani. Hapa yale maneno yalikaa kama nguo zilizoshonwa kwa kipimo. Barua kwa bima ni ya karani kwenda kwa karani, na lugha yao ndiyo hiyo. Bosi aliisoma mara mbili akaiweka muhuri bila kuchora mstari hata mmoja.

Kwa hiyo mwenye kuandika barua rasmi, maombi ya kazi, barua ya ofisi hadi ofisi, kurasa za "get", "ask", "buy" na "tell" zitamfaa, kwa sharti awe na kamusi yenye sentensi pembeni. Ukurasa wa "ask" ndio bora kuliko yote; umetenganisha "request" na "enquire" kwa mstari mmoja wa maelezo, na ingelikuwa kurasa zote zimepata mstari kama huo nisingekuwa na la kusema. Ukurasa wa "nice" usiuguse.

Mwenye kuhudumia watu uso kwa uso, mwongoza wageni, dereva, mhudumu wa meza, kaka yangu na dada yangu, wacha. "Could I get a towel?" jawabu lake ni taulo.

Nimesikia watu wanasema vitabu vya visawe vyote ndivyo vilivyo, na kwamba hata kile mashuhuri cha Waingereza hakina maelezo ya maana. Kweli hakina. Lakini Peter Mark Roget, daktari wa London aliyekitoa mwaka 1852 akiwa na umri wa miaka 73, aliyapanga maneno kwa mafungu ya fikra, ili mtu ambaye tayari anaijua lugha akumbuke neno lililompotea. Hakuweka alama ya usawa. Aliweka maneno jirani, akamwachia mwenye lugha achague. Kijitabu changu kimechukua dawa ya aliyesahau kikampa ambaye hajawahi kujua, na kipimo hakikuandikwa kwenye chupa.

Upande wa karatasi na uchapaji nitasema kwa ufupi. Wino unahamia vidoleni, hasa kukiwa na joto. Pini mbili zilizokibana zilianza kutu mwezi wa tatu kwa hewa ya bahari, na kurasa za katikati, 31 hadi 34, zimetoka zenyewe. Nimezibandika kwa gundi ya karatasi. Hakuna faharasa. "Arrive" limeandikwa kwa r moja katika ukurasa wa 6 na mbili katika ukurasa wa 19. Kwa shilingi 7,000 nilitegemea herufi zote.

Ile barua pepe ya Mholanzi nimeirudia, ninayo bado kwenye kompyuta. "We got your email. You will get the room with the sea view. To get here from the port, get a porter…" na kuendelea. Nimeipitia "get" moja moja na kamusi mkononi. Mbili nimezibadilisha: ya kwanza nimeiwekea "received", na ya mchukuzi nimeiwekea "ask for", kwa sababu mchukuzi si mfuko wa sukari. Nne nimeziacha zilipo. Bosi nimemwonyesha. Amesema bado viazi vinaonekana, lakini sasa ni urojo wa kuuzwa.

Nakipa nyota mbili na nusu kati ya tano. Moja ya matamshi, moja ya barua ya bima, nusu ya ukurasa wa "ask".

Nyuma ya jalada pana namba ya simu kwa mwenye maoni. Nimepiga mara tatu kumwomba mtunzi, chapa ijayo, aweke japo sentensi moja mbele ya kila neno. Mara zote tatu yule dada wa kwenye mtambo ameniambia kwamba mteja ninayempigia hapatikani kwa sasa. Nimemtumia ujumbe wenye mifano yangu yote, ila ya daktari sikumwandikia, mwanangu amekataa. Vitiki viwili vimetokea, bado havijawa buluu. Akinijibu nitaongeza hapahapa.